Mzigo Unaangukia Wapi? Mwongozo wa Kuchora Watu wa Kazi kwa Echingi

Kabla hujatafuta shaba wala tindikali, nenda ukasimame Jangwani, Dar es Salaam, asubuhi, pale Barabara ya Morogoro inapotoka bondeni kuelekea Magomeni, umtazame msukuma mkokoteni anapopanda na shehena. Usimtazame usoni. Tazama kisigino cha mguu wa nyuma, tazama kiuno, tazama viganja vilivyokamata mshikio. Kuna mahali katika mwili ule ambapo mzigo wote unaangukia, na mahali hapo huhama kila anapopiga hatua. Ukishapajua, nusu ya kazi ya echingi umeimaliza, kwa sababu echingi hukuuliza swali moja kwa kila mstari: huu ukae kwenye tindikali dakika ngapi?

Kwa asiyewahi kuiona, echingi ni hivi. Unachukua bamba la shaba, unalipaka nta ngumu isiyoliwa na tindikali, unachora juu ya nta kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha unalizamisha. Palipochorwa panaliwa, palipofunikwa panabaki. Ukiiosha nta, unakuta mifereji. Unaijaza wino, unafuta juu, unalaza karatasi yenye unyevu, unapitisha yote kati ya rola mbili za chuma, na karatasi inauvuta wino kutoka ndani ya mifereji. Mstari uliokaa dakika chache ni kama unywele. Uliokaa karibu saa nzima ni mweusi, na ukipitisha kidole juu ya karatasi unausikia umeinuka.

Tazama kazi, siyo dhiki

Sindano inapenda matambara. Nguo iliyochanika, ndevu zisizochanwa, ukuta uliobanduka: vyote hivyo vinajichora vyenyewe, na mwanafunzi akivipata hujiona bingwa. Jacques Callot wa Nancy alitoa mfululizo wa ombaomba karibu mwaka 1622, na matambara yake ni mazuri kiasi kwamba wachoraji wa karne nne zilizofuata wamenasa kwenye mtego huo huo. Mimi pia nilinasa. Picha zangu za kwanza za wapagazi zilijaa viraka na mikunjo, na hakuna aliyeweza kujua kama yule mtu amebeba gunia la mchele au la pamba.

Ninayemwonesha kila anayeanza ni Käthe Kollwitz, Mjerumani aliyezaliwa 1867 na kufariki 1945. Mumewe, Karl, alikuwa daktari wa wafanyakazi katika mtaa wa Prenzlauer Berg, Berlin, na wagonjwa waliokuja kwa daktari ndio Kollwitz aliowatazama miaka nenda rudi. Katika mfululizo wake wa Vita vya Wakulima, mabamba saba aliyoyamaliza mwaka 1908, bamba la kwanza ni la wakulima wawili wanaokokota plau kama ng'ombe. Mikanda imewakaza, na miili imelala mbele mpaka karibu iwe sambamba na udongo. Funika nyuso zao kwa kidole: picha haipungui. Sasa funika mstari wa migongo na mikanda: picha imekufa. Hilo ndilo jaribio la kuifanyia kila picha yako.

Na usiogope kuharibu. Mfululizo wake uliomtoa, Uasi wa Wafumaji wa 1893 hadi 1897, una picha sita, na tatu kati ya hizo aliishia kuzichora kwa litografia, yaani kuchora kwa mafuta juu ya jiwe na kuchapa kutoka hapo, kwa sababu mkono wake ulikuwa haujaimudu echingi. Zilipooneshwa Berlin mwaka 1898, ilipendekezwa apewe medali ya dhahabu. Kaisari Wilhelm wa Pili akakataa.

Wapo wengine wa kuwatazama, kila mmoja kwa jambo lake. Jean-François Millet, mtoto wa wakulima wa Normandy, alichora wachimbaji wawili wa shamba mnamo 1855 na 1856, na pale ufunzwe jinsi mgongo unavyojikunja sepeto linapozama. Rembrandt, Mholanzi, ana mpika chapati za maji wa mwaka 1635, bibi mwenye kikaango akiwa amezungukwa na watoto, picha isiyozidi ukubwa wa kiganja. Itazame uone kwamba kazi ndogo haihitaji bamba kubwa. Whistler, Mmarekani aliyeishi London, katika picha zake za Mto Thames za 1859, ana mchoma chokaa aliyesimama ndani ya karakana yake katikati ya mbao na ngazi. Mtu ni mdogo, karakana ni kubwa, na bado ni picha ya mtu. Sisi wa pwani tunaojua tanuu la chokaa tunaielewa picha ile bila kuelezwa.

Ruhusa, kisha penseli

Omba ruhusa kwa maneno ya kawaida: "Kaka, naomba nikuchore ukiwa kazini, sitakusimamisha." Usimwambie asimame vizuri, kwa sababu akisimama vizuri mzigo unaondoka. Ukitaka akae akutazame kwa nusu saa, hiyo ni nusu saa ya riziki yake, mlipe.

Simu iache mfukoni. Picha ya simu inakamata ukucha na herufi za fulana kwa bidii ileile inayokamata bega, na baadaye ukiwa mezani utajikuta unachora herufi za fulana. Badala yake tumia bahati ambayo kazi yenyewe inakupa: kazi hujirudia. Mama anayeponda kokoto Kunduchi atainua nyundo mara mia kabla ya saa nne. Mara ya kwanza chora mkono, mara ya pili mgongo, mara ya tatu jinsi goti linavyoegemea jiwe, na usipowahi, subiri itarudi tena. Jaza kurasa ishirini, thelathini, kila mchoro usizidi dakika moja.

Jioni, chagua mmoja. Chukua penseli nyekundu uweke alama pale mzigo unapoangukia: bega, kiuno, kisigino, na ile sehemu ya ardhi inayokanyagwa. Kwa penseli ya bluu weka alama zinazosaidiana na hizo: mkono wa pili, paja, ukingo wa mkokoteni. Yaliyobaki, uso ukiwemo, yaache bila alama. Hii ndiyo ramani ya tindikali. Usiipoteze.

Vifaa, na pa kuvipata

Shaba nyekundu yenye unene wa milimita 1 hivi ndiyo bora. Hupatikana kwa wauza bidhaa za umeme na kwa mafundi wanaofua vyombo. Kwa wauza chuma chakavu pia ipo, lakini dai risiti. Shaba nyingi inayozunguka mjini ilikuwa waya wa mtu jana usiku. Bamba la kwanza lisizidi sentimita 15 kwa 20.

Tindikali ninayoitumia ni feriki kloraidi, chengachenga za njano kahawia zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki kwa ajili ya kutengeneza saketi. Mkemia atakwambia ni chumvi ya chuma, siyo tindikali hasa, naye ana haki. Vitabu vya zamani vinasifu naitriki asidi. Usiiguse ukiwa nyumbani: ikikutana na shaba inatoa moshi wa kahawia wenye sumu.

Mengine ni ya kawaida: nta ya nyuki, rozini (ile ya rangi ya kaharabu wanayochovya mafundi redio wakilehemu), unga wa lami ya kuchorea, tupa, msasa wa maji, sindano ya cherehani iliyochomekwa kwenye kipande cha mti, vanishi nyeusi, tapentaini, trei mbili za plastiki, glavu za mpira na miwani ya kinga. Lami ya barabarani siyo mbadala. Inabaki laini na kunata.

Kuna njia ya pili kwa asiyepata shaba: bamba la zinki, na mrututu (salfeti ya shaba), huu huu wanaoupulizia wakulima kwenye kahawa. Changanya mrututu na chumvi ya kupikia sawa kwa sawa, gramu 50 hadi 75 za kila kimoja kwa lita ya maji. Unakula zinki vizuri bila moshi wa sumu, ila utaona matope mekundu ya shaba yakijikusanya juu ya mistari. Yapanguse polepole kwa unyoya wa kuku, na fanya kazi penye upepo kwa sababu ya mapovu ya gesi yanayoweza kushika moto. Bati la kuezekea siyo zinki. Ni chuma kilichopakwa zinki, na limeshawadanganya wengi.

Mashine ya kuchapia ndiyo gharama kubwa. Watu huniuliza kama kikamulio cha miwa kinafaa. Rola zake zina meno, litatoka bamba lililokunjika. Mtafute fundi wa kuchomelea mwenye subira, umpe kipimo cha rola mbili laini za chuma kizito, sahani nene ya chuma itakayopita katikati, na skrubu mbili za kukazia rola ya juu. Au jiungeni watu watano mnunue mashine moja ya pamoja.

Bamba na nta

Kingo za bamba zikatwe kwa tupa mpaka ziwe na mlalo wa nyuzi 45 hivi, vinginevyo zitachana karatasi na blanketi. Sugua uso kwa msasa wa maji namba 400, kisha 600, kisha 1000, ukimalizia na dawa ya kung'arishia shaba. Halafu ondoa mafuta yote kwa unga wa chaki na amonia kidogo. Mwaga maji juu: yakitandaa kama shuka, bamba ni safi, yakijikusanya matone, rudia. Alama moja ya kidole chenye jasho itaiachisha nta ukiwa katikati ya tindikali.

Nta ngumu ninayopika ni sehemu mbili za nta ya nyuki, mbili za unga wa lami, moja ya rozini. Yayushe kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji, koroga, mimina kwenye maji baridi, finyanga tonge. Watu wa Ulaya walibishana sana kuhusu mapishi haya. Callot aliazima vanishi ngumu ya mafundi wa vinanda vya nyuzi, na ndiyo iliyomwezesha kuzamisha bamba moja mara nyingi bila nta kubanduka.

Pasha bamba kwenye pasi iliyogeuzwa au jiko la umeme mpaka tonge likigusa linayeyuka. Pakaza, kisha gonga gonga kwa kidonge cha pamba kilichofungwa kwenye hariri mpaka nta itandae nyembamba, rangi ya asali. Kabla haijapoa ligeuze bamba kifudifudi na upitishe chini yake moshi wa koroboi au mishumaa mitatu iliyofungwa pamoja, bila kusimama mahali pamoja. Masizi yanaingia kwenye nta na uso wote unakuwa mweusi unaong'aa. Sasa sindano ikipita utaona mstari wa shaba unaowaka juu ya giza. Ni kinyume cha karatasi, na inachukua siku kadhaa jicho kuzoea.

Hapa kwetu joto lina lake la kusema. Mchana wa Januari nta inalainika mpaka kiganja kinaacha alama. Chora alfajiri au usiku, na weka daraja la mbao juu ya bamba la kuegemeza mkono.

Geuza mchoro: usiidharau hatua hii

Chapa hugeuza kushoto kuwa kulia. Kwa picha ya mti haidhuru. Kwa picha ya mtu wa kazi ni kosa ambalo mwenye kazi ataliona kabla hujamaliza kumkabidhi.

Nilimchora fundi cherehani mmoja wa barazani, mzee wa makamo, nikafurahia sana jinsi shingo ilivyoinamia kitambaa. Nikampelekea nakala. Akaitazama kwa heshima, akageuza karatasi nyuma, akageuza tena mbele. "Mwanangu, cherehani hii umeinunua wapi?" Gurudumu la cherehani liko mkono wa kulia wa mshonaji. Langu lilikuwa kushoto, na mzee alikuwa anashona kwa mkono ambao hajawahi kuutumia. Bamba zima, wiki tatu.

Kwa hiyo: nakili mchoro wako kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, igeuze, weka chini yake karatasi iliyosuguliwa chaki nyekundu, na pitisha penseli juu ya mistari mikuu tu. Weka kioo kando ya meza. Kila unapopata shaka, tazama bamba kupitia kioo. Unachokiona mle ndicho kitakachotoka.

Mistari ya mzigo kwanza

Wengi hufundishwa kuchora picha nzima, kuizamisha muda mfupi, kisha kufunika kwa vanishi sehemu nyepesi na kurudisha zilizobaki. Njia hiyo ni nzuri, na utaihitaji. Lakini kwa watu wa kazi ninapendekeza kinyume chake, kwa sababu inakulazimisha kuamua mapema.

Tandika mgongo wa bamba kwa vanishi au tepu pana ya maboksi. Chukua ramani yako ya penseli. Chora alama nyekundu tu: bega, mstari wa uti wa mgongo, kisigino, ardhi chini ya kisigino. Sindano isikwaruze shaba. Inatakiwa kuiondoa nta tu, kazi ya kuchimba siyo yake. Usibananishe mistari mno, kwani tindikali hula pia kwa ubavu, na mistari miwili iliyokaribiana itakuwa shimo moja. Acha nafasi ya unene wa kadi kati yake.

Tayarisha tindikali: maji kwanza, kisha chengachenga kidogo kidogo, kilo moja hivi kwa lita, maana inapata joto. Kamwe usianze na chengachenga ukamwagia maji. Vaa miwani na glavu. Zamisha bamba uso ukiwa chini, likiegemea vipande vidogo vya plastiki kwenye pembe, ili uchafu wa shaba udondoke badala ya kujaa ndani ya mistari. Dakika 30. Toa, osha kwa maji, kausha kwa upepo.

Sasa chora alama za bluu. Rudisha dakika 15. Toa, osha. Mwisho chora yasiyo na alama: uso, vidole, mkunjo wa fulana, watu wa nyuma. Dakika 8. Ukipiga hesabu, mstari wa bega umekaa dakika 53, wa mkono wa pili 23, wa uso 8. Mtu akiitazama picha hatajua hesabu hiyo, ila jicho lake litakwenda begani kwanza.

Dakika hizi ni za chumba changu, Dar, tindikali ikiwa mpya. Vitabu vingi vimeandikwa kwa nyuzi 20 za joto. Januari moja nilifuata kitabu neno kwa neno, nikaenda kula, nikarudi nikakuta mgongo wa mpagazi umekuwa kidimbwi. Joto linaharakisha, na tindikali iliyochoka inachelewesha. Kwa hiyo uwe na kipande cha shaba cha majaribio, chora mistari sita, kila baada ya dakika 10 funika mmoja kwa vanishi, kichape, kibandike ukutani. Hiyo ndiyo saa yako.

Usimwage tindikali iliyochakaa kwenye sinki wala mtaroni. Shaba iliyomo inaua samaki, na feriki yenyewe inatoboa bomba la chuma. Iongezee magadi kidogo kidogo mpaka ikome kutoa povu, acha matope yatuame, na matope hayo yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko hadi upate wanaoshughulikia taka za kemikali. Madoa ya njano kwenye nguo hayatoki, ndiyo maana nina shati moja tu la kazi.

Gunia

Hii ni hatua ninayoipenda kupita kiasi, na unaweza kuiruka, ila kuosha nta usikuruke. Osha nta yote kwa tapentaini. Pika nta laini kwa kuchanganya sehemu mbili za ile nta ngumu na moja ya mafuta ya ng'ombe. Ipake, iache ibaki yenye kunata. Kata kipande cha gunia la katani lililokwisha kubeba kitu, lilaze pale tu ambapo gunia litakuwa kwenye picha, funika kwa karatasi ya nailoni na pitisha kwenye mashine kwa mkazo mdogo. Ukilibandua, nyuzi zimeng'oa nta kwa sura yao wenyewe. Funika kwa vanishi sehemu zote usizozitaka, zamisha dakika 15 hadi 20. Kollwitz alifanya hivyo kwa vitambaa, akipata udongo na giza lisilotokana na mkono. Ukitumia vumbi la rozini kupata vivuli, njia ya akwatinta, vaa barakoa ya maana na usiwe na moto karibu: vumbi lile likijaa hewani linaweza kulipuka.

Kuchapa

Karatasi iwe ya pamba, gramu 250 hadi 300. Iloweke nusu saa, ikaushe kati ya taulo mpaka isiwe na maji yanayong'aa. Kadi ya manila nimeijaribu. Inafumuka na kuacha nyuzi zake kwenye mistari.

Pasha bamba kidogo, sukuma wino mzito wa mafuta ndani ya mistari kwa kipande cha kadi, kisha futa kwa shashi ngumu kwa mizunguko, ukihama sehemu safi kila mara. Malizia kwa kiganja kilichopakwa chaki kidogo. Kuna mchoro wa Abraham Bosse, Mfaransa, wa mwaka 1642 unaoonesha karakana ya wachapaji: mmoja anapaka wino, mmoja anafuta kwa kiganja, wa tatu anavuta mikono ya gurudumu la mashine kwa uzito wake wote. Miaka mitatu baadaye Bosse huyo huyo alitoa kitabu cha kufundisha kazi hii. Ukitaka zoezi, chukua kalamu na umtafutie yule wa tatu mahali mzigo unapoangukia.

Acha utando mwembamba wa wino ukitaka hali ya vumbi au jioni, lakini usiutumie kuficha mistari dhaifu. Bamba likitegemea utando, nakala ya pili haitafanana na ya kwanza.

Laza bamba, laza karatasi, laza mablanketi mawili ya sufu halisi, zungusha bila kusita katikati. Inua karatasi kwa pembe.

Kusahihisha

Nakala ya kwanza karibu siku zote inasikitisha. Iweke ukutani, kaa mbali, fanya lile jaribio la kidole. Mstari uliozidi unaweza kuupunguza kwa kuukwaruza na kuusugua na mgongo wa kijiko cha chuma kilichopakwa mafuta. Mstari uliopungua unaupakia nta upya na kuurudisha kwenye tindikali, au unaukwaruza moja kwa moja kwa sindano kali kwenye shaba tupu. Rembrandt alirudi kwenye bamba moja mara nyingi, na wachapaji huziita hatua. Mimi sijawahi kumaliza chini ya hatua nne.

Kabla ya hatua ya mwisho, mpelekee aliyechorwa. Mchoraji mwenzako atakusifia kivuli. Msukuma mkokoteni ataweka kidole kwenye picha na kukwambia kwamba mtu hashiki hivyo akipanda, anashika hivyo akishuka. Rudi kwenye bamba.

Namba, jina, na kukausha

Chagua idadi ndogo, tuseme 20. Andika kwa penseli chini kushoto 1/20, 2/20, na kadhalika. Kulia sahihi yako. Katikati ni jina la picha, na hapo uliza: anataka jina lake liandikwe au hataki? Whistler aliionesha picha yake ya mchoma chokaa kwa jina la mwenyewe, W. Jones, na mtaa wake. Wengine hawatataka, kwa sababu zao. Nakala moja ni ya aliyechorwa, siyo zawadi, ni sehemu ya makubaliano tangu siku ya kwanza.

Ila usimpe mapema. Wino wa mafuta kwenye karatasi nene hukauka taratibu, na kwa unyevu wetu hesabu wiki mbili, nakala zikiwa zimelazwa kati ya kadibodi kavu zinazobadilishwa kila siku ili zisiote ukungu. Msukuma mkokoteni wangu wa Jangwani nilimpa yake siku ya tatu, kwa furaha. Akaenda nayo moja kwa moja duka la steshenari la jirani kuipigisha lamineti. Moto wa mashine uliyeyusha wino, na bega lote, dakika 53 za tindikali, likatambaa ndani ya plastiki kama wingu. Nilipompelekea nyingine iliyokauka aliikataa. Alisema yake anayo tayari, hii nimpe mwenzake anayesukuma kwa nyuma, ambaye sikumchora.